Sauti Iliyobaki Kwenye Mashine

Kwenye harusi watu humkumbuka mwimbaji, hukumbuka keki, humkumbuka hata mlevi aliyeiangukia keki. Mpiga kinanda hakuna anayemkumbuka. Sina kinyongo, nimeshazoea. Nasema hivyo ili mjue tu kwamba nilikuwepo, nyuma ya mwimbaji, na haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa na mtu.

Mwimbaji mwenyewe ni Consolée. Kwao ni Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikuja Bujumbura msichana, kambeba mdogo wake mgongoni, akafikia mtaa wa Kinama na hajahama hadi leo. Watu humwita Mama Lisette, kwa jina la binti yake. Ukimkuta asubuhi anachambua lengalenga mlangoni utaona mama kama akina mama wengine, na ni kweli, mpaka afungue kinywa. Sauti yake ni nzito kidogo, ina mikwaruzo chini, na ikipanda haipigi kelele. Kwa sauti hiyo ameilisha nyumba: harusi, ubatizo, matangazo ya sabuni redioni, na zile sherehe za kuganduka, siku familia inapoondoa matanga kabisa, watu wakavua msiba na kurudi kwenye maisha.

Miaka mingi aliimba na mwanaume mmoja, Népomuscène, Mrundi wa Gihosha, karani wa serikali siku za kazi na mwimbaji kila Jumamosi. Wageni walidhani ni mtu na mkewe. Mke wa kweli, Daphrose, alikuwa akiwacheka, akisema kwake haimbi, kwake anakoroma, basi Consolée ajichukulie nusu ile nzuri. Wimbo wao mkubwa waliutunga wenyewe, wa kumtoa bibi harusi kwao. Consolée aliimba sehemu ya mama: mama analalamika, anauliza nani atamwashia moto jioni. Halafu Népomuscène anajibu kama baba: Nenda mwanangu, mlango hatufungi. Hapo kina mama walikuwa wakitafuta vitambaa kwenye mikoba.

Népomuscène alikuwa na kasoro moja tu. Alichelewa kuingia. Zamu yake ikifika, kwanza alimtazama bibi harusi, akatabasamu, ndipo akaimba. Mimi nilimwongezea mapigo machache ya kumsubiri, nikinung'unika moyoni. Na walikuwa na desturi yao ya kazi: kila wimbo mpya waliurekodi sauti moja moja, huyu peke yake, yule peke yake, ili kila mtu asikie makosa yake bila kujificha nyuma ya mwenzake. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuponza.

Népomuscène alikufa ghafla, presha, akiwa kazini. Tulimzika, tukamlilia. Baada ya maziko Consolée alichukua rekodi zao zote, akampa Jordan, mtoto wa kwanza wa marehemu, ili watoto wabaki na sauti ya baba yao. Alitoa kwa moyo mweupe. Hakumwuliza Daphrose, wala hakuniuliza mimi.

Jordan ana kazi ya sherehe kule Mutanga Nord: mahema, viti, spika, kamera, na studio ndogo nyuma ya nyumba. Kasomea kompyuta. Ni kijana mwenye adabu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu anayekuchinja huku anakuita tonton, mjomba, utamtukana vipi?

Wakati huo kazi ilikuwa imeanza kutukimbia. Kwanza sabuni: tangazo lilirudi redioni na sauti ya msichana asiyekuwepo duniani. Halafu harusi. Bwana harusi anaandika majina kwenye simu, jina lake na la mchumba na la mama mkwe, na mashine inamtolea wimbo kamili, ngoma na vibwagizo, kabla hajamaliza kula mshikaki wake. Wimbo wenyewe si mbaya, na ungekuwa mbaya ningelala vizuri. Consolée alikaa wiki baada ya wiki bila kuitwa, na Lisette yuko chuo, na mwenye nyumba wa Kinama si mtu wa kusikiliza historia ya muziki.

Ndiyo maana Jordan alipotuita Mutanga Nord, tulikwenda mbio. Msimu wa kiangazi ulikuwa unakaribia, Warundi wa Ulaya wanarudi kuoa na kuozesha, na karibu harusi zote kubwa zilikuwa mikononi mwake.

Alitukaribisha Fanta. Akasema kuganduka kwa baba yake ni Jumamosi ijayo, na kwamba ana jambo anataka tulisikie. Akabonyeza. Kikatoka kinanda, changu, nilikitambua. Ikatoka sauti ya Consolée, sehemu ya mama. Halafu, palepale, bila kuchelewa hata kidogo, akaingia Népomuscène.

Nilisimama. Sijui nilitaka kwenda wapi. Ilikuwa sauti yake na kila kitu chake, ile herufi ya r aliyokuwa akiigonga, ule mvuto wa puani mwishoni mwa mstari. Aliimba kwamba mlango hatufungi. Kisha akaimba kitu ambacho hakuwahi kukiimba akiwa hai: Mama Jordan, usilie, niko hapa.

Consolée alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jordan alimwangalia kwa upendo kabisa, akafikiri anamfurahisha.

Akaeleza mpango wake. Jumamosi Consolée asimame mbele ya watu, aimbe sehemu yake kwa kinywa chake, na baba amjibu kutoka kwenye spika. Watu wakilia, na watalia, kila familia ya mji huu itataka mpendwa wake aimbe siku ya kuganduka. Yeye Jordan atakuwa na mashine, Consolée atakuwa mwimbaji wake, kiangazi chote na baada ya kiangazi.

"Batu banataka kuona mutu anasimama, Tantine," alisema, maana Consolée kwake ni shangazi. "Mashine peke yake inabaogopesha."

Consolée akauliza, taratibu, na akikataa je.

Jordan alikuna shingo. Akabonyeza tena. Sauti ya Consolée ikatoka, ile nzito yenye mikwaruzo, ikiwaita wageni wa harusi fulani majina yao, mjomba huyu, shangazi yule, watu ambao Consolée hajawahi kuwaona. Iliimba vizuri. Ilipanda juu bila jasho.

"Si kosa kama auwezi, Tantine. Nitaweka hii. Lakini mi napenda iwe we."

Ndivyo alivyosema, na naamini alikuwa anapenda kweli. Rekodi zile alizopewa ziwe kumbukumbu ya baba yake zilikuwa na sauti mbili, kila moja safi, peke yake. Népomuscène na Consolée walikuwa wamemwandalia kazi bila kujua.

Mafuta hayakuwepo mjini, mabasi ya Kinama yalikuwa ya kusikia kwenye hadithi, kwa hiyo tulirudi kwa miguu, kinanda mgongoni mwangu. Mimi nilitukana njia nzima. Nilimtukana Jordan, nikaitukana mashine, nikamtukana aliyevumbua umeme. Consolée alitembea tu. Tulipokaribia kwake nikamwuliza atafanya nini. Akasema ataimba. Nikamwambia lile neno la mwisho halifai, huwezi kumwambia mjane mumewe yuko hapa siku ile ile unapomfundisha kwamba hayupo. Akanijibu kwamba analijua hilo kuliko mimi, na kwamba Lisette ana mwaka mmoja amalize. Mwenye njaa hana miiko. Na mimi nilikuwa na njaa.

Jumamosi tukaanza na misa, kisha makaburini kuweka maua, kisha tukapanda Gihosha nyumbani kwa marehemu. Jordan alikuwa amepamba. Mahema meupe, viti vyenye mashuka, picha ya Népomuscène kubwa kuliko mlango, na kando ya picha meza yake ya mitambo na kompyuta. Daphrose alikaa mbele, amevaa imvutano nyeupe, lile vazi la Kirundi linalofungwa begani, mara yake ya kwanza kuonekana bila rangi ya msiba. Alikuwa amekonda. Kila mara macho yake yalikwenda kwenye spika na kurudi, na mimi nikajiuliza anajua nini.

Consolée hakula. Hakunywa hata maji, na yeye bila maji haimbi. Nilimwekea chupa miguuni, akaisogeza kwa kisigino. Nikajua kuna jambo. Jordan alitupitia, akatunong'oneza kwamba tunaingia baada ya hotuba za familia, akamgusa Consolée begani. Bega halikutikisika.

Sasa, kwa wasiojua desturi. Siku ya kuganduka, kabla mambo ya marehemu hayajafungwa, msemaji wa familia husimama na kuuliza mbele ya wote: nani amebaki na kitu cha marehemu, na marehemu amebaki na kitu cha nani? Aseme sasa. Likishafungwa limefungwa, mtu asije mwakani kugonga mlango wa mjane. Na kinachotajwa hapo kinarudishwa nyumbani, mbele ya mjane, na neno la mwisho juu yake ni lake.

Msemaji alikuwa Fortunat, kaka mkubwa wa marehemu, mzee mrefu mwenye kofia. Aliuliza kwa Kirundi, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliotoka ng'ambo. Jirani mmoja akasimama akasema ana ngazi ya marehemu, amekuwa akiipandia paa lake tangu mvua za kwanza. Watu wakacheka. Mwingine akarudisha mwavuli. Katekista akasema marehemu ameondoka na kitabu cha nyimbo cha parokia, na Daphrose akasema kipo, atakitoa. Yote yalikwenda vizuri, kwa vicheko vidogo, kama inavyotakiwa. Fortunat akauliza kama kuna mwingine, na kwa sauti yake ulijua anatarajia kwamba hakuna.

Consolée akanyoosha mkono.

Jordan alikuwa amekwisha kuinama juu ya kompyuta, tayari kwa zamu yetu. Akainua kichwa. Nilimwona anatabasamu, nadhani alifikiri Tantine anataka kumsifu marehemu kidogo kabla ya wimbo. Fortunat akampa kipaza sauti. Consolée akakikataa kwa mkono, akaongea hivi hivi, na hema zima likamsikia.

"Mi niko na kitu ya Papa Jordan. Sauti yake. Tulikuwa tunaishika wawili, na mi nikaitoa pasipo kuuliza mwenye nyumba. Sasa iko mu ile mashine. Leo banataka nisimame nayo hapa, imwambie Mama Jordan kama iko hapa. Aiko hapa. Tumetoka kumuwekea maua."

Nimepiga kinanda mbele ya mawaziri, mbele ya walevi, mara moja mbele ya watu waliokuwa wanapigana kwa viti. Sijawahi kuona hema zima likigeuza shingo kutazama kompyuta. Fortunat alivua kofia akaivaa tena. Mahali fulani nyuma mtoto aliuliza kwa Kirundi babu yuko kwenye mashine gani, na mama yake akamziba mdomo.

Jordan alikuwa amebadilika rangi. Alisema kwa haraka kwamba hiyo ilikuwa zawadi, kwamba familia inajua, kwamba Tantine amechoka na msiba. Kila neno lilikuwa la heshima. Fortunat akamnyamazisha kwa kiganja, akamgeukia Daphrose, kwa sababu desturi ilimtaka amgeukie.

Nilijua anachokitaka mjane. Mjane gani atakataa kumsikia mumewe? Angesema tu, mwacheni aimbe, na Consolée angekuwa ameitupa kazi ya msimu mzima, na jina lake, na karo ya Lisette, mbele ya mji, bure.

Daphrose hakuinuka.

"Jordan," alisema. "Leta."

"Maman, ni fichier tu ya mu mashine. Aishikwi mu mukono."

"Kama inaweza kuniongelesha, inaweza kuletwa."

Halafu akasema jambo ambalo hata watoto wake hawakulijua lote. Jordan alikuwa amemwekea sauti ile kwenye simu tangu majuma mengi nyuma, ili imfariji. Kila asubuhi ilimwita kwa jina lake, ikamwuliza amelalaje. Mwanzo alilia. Baadaye akaanza kujibu. Aliliambia hema lote, na macho yake yako kwenye mikono yake:

"Mi nilishaanza kuweka vikombe viwili mezani. Asubui moja nikamukasirikia juu ya chai inapoa."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama vidole vyangu. Jordan akachomoa waya mmoja, akachomoa na wa pili, akabeba kompyuta kwa mikono miwili akaja kuiweka mbele ya mama yake, kando ya mwavuli. Alikuwa analia, na hapo nilimwonea huruma, sikatai. Alikuwa amempenda baba yake kwa namna anayoijua. Daphrose alitandika kitambaa juu ya ile mashine.

Ingeishia hapo ningesema ni ushindi. Lakini Consolée alikuwa bado amesimama, na mkono wake ukapanda tena.

"Iko ingine moja. Mu ileile mashine iko na sauti yangu mi. Ya marehemu inaombwa leo. Ya mutu muzima, inaombwa siku gani?"

Wawili watatu walicheka, wakaacha. Ukoo wao una desturi ya ngazi, ya ng'ombe, ya mashamba, na sasa imepatikana hata ya sauti ya mfu, lakini mtu aliye hai, amesimama na miguu yake, anadai sauti yake iliyobaki kwa mwingine, hilo wazee hawakuliachia jibu. Fortunat akasema tu kwamba pale wanafunga mambo ya marehemu. Ya mzima hana ruhusa ya kuyaamua.

Akajibu Daphrose, polepole, akimtazama Consolée na si mwanawe:

"Ya muzima anaiomba ye mwenyewe. Siku anaikuta, mahali anaikuta. Sasa uniimbie."

Tuliimba. Consolée aliimba sehemu ya mama, na ilipofika zamu ya baba, mkono wangu wenyewe uliongeza yale mapigo ya kumsubiri. Nilisubiri. Hakuingia mtu. Nikaendelea kupiga wimbo wa mstari wake, mtupu, hadi mwisho, na Consolée amesimama kando kidogo, pale pale alipokuwa akimwachia nafasi. Sauti yake ilipasuka mara mbili kwa sababu hakunywa maji. Daphrose alilia kama watu wanavyolia wanapolia mara ya mwisho, kwa nguvu na bila aibu. Na mimi nililia, na kama kuna aliyeniona safari hii, shauri yake.

Jioni ile Jordan alitufuata langoni. Alimwambia Consolée amemwua mbele ya watu. Consolée alimjibu kwamba anampenda kama mwanawe na kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli. Kesho yake Daphrose alimketisha kijana, akamtaka afute sauti ya baba mbele ya macho yake, akafuta. Akamwuliza na ya Mama Lisette. Jordan akasema amefuta zote mbili. Daphrose si mtu wa kompyuta. Aliona kidole kinabonyeza, akaamini.

Kiangazi kikaja. Hatukuitwa popote. Consolée aliendelea kwenda sokoni, akawa anafundisha kwaya ya kina mama Kinama wanaomlipa kwa unga na shukrani. Lisette alianza kusema ataacha chuo mwaka mmoja atafute kazi, na kila alipolisema mama yake alitoka nje. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu, na Consolée nilimkasirikia pia, nikamwambia siku moja kwamba angeweza kuimba ule wimbo akafumba macho. Alinitazama mpaka nikaomba radhi.

Daphrose alituita Jumamosi moja tule naye. Tulikula vizuri, tukacheka kidogo, mezani kikombe kimoja kwa kila mtu. Alasiri tukashuka kwa miguu, maana mafuta yalikuwa yamepotea tena, na njia yetu ikapita Mutanga Nord.

Tulisikia harusi kabla hatujaiona. Spika kubwa, ngoma, vigelegele. Nilitambua kinanda kwanza, kwa sababu kilikuwa changu, na nikamshika Consolée mkono nimvute njia nyingine. Nilichelewa. Sauti yake ilikuwa imeshaanza, juu ya kuta, mtaa mzima ukiisikia: mama analalamika, anauliza nani atamwashia moto jioni. Haikupasuka popote. Ilimwita bibi harusi kwa jina, Bella, ikawaita wajomba zake mmoja mmoja.

Consolée alisimama katikati ya barabara na mfuko wake wa ndizi alizopewa na Daphrose. Alisikiliza hadi mwisho wa mstari wa mama. Kisha ikafika zamu ya baba, na kwenye spika hapakuwa na kitu, kinanda kitupu tu. Jordan alikuwa amefuta sauti ya baba yake kweli. Hiyo nyingine ndiyo hakuifuta.

Nilimwambia tuondoke. Nilimwambia ana kandambili miguuni na kitenge cha kushindia, nikamwambia kule ndani kuna watu wa Ulaya na kamera. Alikuwa ameshafika langoni. Lango lilikuwa limefungwa, na mbele yake kasimama mlinzi, Tajudini, wa Buyenzi, anayetujua kwa harusi nyingi. Alimtazama Consolée, akageuka kutazama upande wa spika, akamtazama tena. Ile sauti ya mama kule ndani ilikuwa imeanza ubeti wa pili.

"Mama Lisette," alisema Tajudini, "mbona uko inje? Mi nasikia unaimba mule ndani."

"Ndiyo," Consolée akamjibu. "Nimekuja kujichukua."

Tajudini alifikiri kidogo, kisha akavuta komeo. Consolée alinipa ule mfuko wa ndizi akaingia, na mimi nikamfuata.